Afrika Mashariki: Kwa nini nchi jirani haziendi kwa mwendo mmoja?

Mganda akifika mpaka wa Busia akitaka kuingia Kenya, huonyesha kitambulisho chake cha taifa na kupita. Mnyarwanda naye vilevile. Mtanzania anayevuka Namanga au Sirari huulizwa pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, ingawa nchi zote hizi zimo katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, zimesaini mkataba mmoja, na bendera moja ya jumuiya hupepea kwenye ofisi zao za mpakani.

Swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka kwa wasikilizaji wetu wa vijiji vya mpakani, na mara nyingi huja na hasira ndani yake: jumuiya ni moja au ni mbili? Jibu fupi ni kwamba jumuiya ni moja, ila imewapa wanachama wake ruhusa ya kwenda kwa kasi tofauti. Jibu refu linahitaji nafasi zaidi, kwa sababu ruhusa hiyo imewahi kutumika vizuri, imewahi kutumika vibaya, na ndiyo itakayoamua kama siku moja tutashika sarafu moja mkononi.

Ruhusa yenyewe imeandikwa wapi?

Mkataba wa jumuiya ya sasa ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na marais watatu: Benjamin Mkapa wa Tanzania, Daniel arap Moi wa Kenya na Yoweri Museveni wa Uganda. Ulianza kutumika Julai 2000. Humo ndani zimetajwa hatua nne: Umoja wa Forodha, kisha Soko la Pamoja, kisha Umoja wa Fedha, na mwisho kabisa Shirikisho la Kisiasa.

Mkataba huohuo unasema mambo mawili ambayo ukiyasoma haraka utadhani yanapigana. Kwanza, wakuu wa nchi hufanya maamuzi yao kwa maafikiano, yaani hakuna kupiga kura na walio wengi kuwashinda wachache. Pili, kundi la nchi wanachama linaruhusiwa kusonga mbele katika jambo fulani kwa kasi yake, bila kusubiri kila mmoja awe tayari. Sasa ikiwa kila uamuzi unahitaji wote, hao wachache wanaruhusiwaje kutangulia?

Mawaziri wa jumuiya walilipeleka swali hilo kwa Mahakama ya Afrika Mashariki, na mwaka 2009 mahakama ikatoa maoni yake. Kwa lugha nyepesi ilisema hivi: mambo hayo mawili hayapigani. Maafikiano yanahusu kuamua, na kasi tofauti inahusu kutekeleza. Nchi zote zinakubaliana kwanza juu ya jambo, kisha iliyo tayari inaanza leo, na ambayo haijawa tayari inaanza baadaye. Mahakama ikaongeza kwamba njia hiyo iwe ya nadra, isigeuzwe kuwa ndiyo kawaida.

Tuchukue mfano wa kijijini. Mkutano wa kijiji umekubali kujenga darasa, na kila kaya italeta matofali 100. Kaya moja inasema italeta baada ya mavuno kwa sababu sasa haina nguvu. Wengine wanaanza kujenga. Hiyo ndiyo kasi tofauti, na hakuna ugomvi. Lakini kaya tatu zikikutana usiku, zikaamua kujenga darasa mahali pengine na kuwaambia wengine asubuhi, hilo ni jambo jingine kabisa, hata kama darasa lenyewe ni zuri.

Suala la kitambulisho liko upande wa kwanza wa mfano huu. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa na nchi zote tano za wakati ule mwezi Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 2010, inasema wazi kwamba nchi zitakazokubaliana kutumia vitambulisho vya kielektroniki kama hati ya kusafiria zinaweza kufanya hivyo. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana, zikaanza mwanzoni mwa 2014. Tanzania haikuingia. Kwa hiyo afisa wa Namanga anayekudai pasipoti havunji mkataba, na mwenzake wa Busia anayempitisha Mganda kwa kitambulisho havunji pia.

Mwaka wa walio tayari

Namna vitambulisho hivyo vilivyoanza, hata hivyo, iliacha kidonda. Juni 2013, Rais Museveni, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya na Rais Paul Kagame wa Rwanda walikutana Entebbe. Agosti wakakutana tena Mombasa, na Oktoba wakakutana Kigali. Walizungumzia reli mpya, bomba la mafuta, visa moja ya watalii, ukusanyaji wa pamoja wa ushuru, na hata kuharakisha shirikisho la kisiasa. Tanzania na Burundi hazikuwemo. Kilichowauma wengi ni kwamba Sudan Kusini, ambayo wakati huo haikuwa mwanachama, ilikuwepo Kigali. Magazeti yakalipa kundi hilo jina la "walio tayari", na jina hilo lenyewe lilikuwa na kijembe, maana waliobaki walionekana kama hawataki.

Mwaka huo hali ya hewa ya kisiasa ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Mei 2013 Rais Jakaya Kikwete alishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR waliokuwa mashariki mwa Kongo, na Kigali ikakasirika sana. Kisha ikaja operesheni ya Tanzania ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya magharibi, ambapo maelfu ya watu walivuka kurudi Rwanda, Burundi na Uganda, wengine wakiwa wameishi Kagera kwa miongo kadhaa. Mambo haya hayakuwa ya forodha wala reli, lakini yalikaa mezani pamoja nayo.

Tarehe 7 Novemba 2013 Kikwete alilihutubia Bunge mjini Dodoma. Alilalamika kwamba mambo ya jumuiya yanajadiliwa bila Tanzania kuitwa, na akasema Tanzania haitoki katika jumuiya. Siku ya 30 ya mwezi huohuo marais wote watano walikaa pamoja Kampala na kusaini itifaki ya Umoja wa Fedha.

Je, waliokimbia walifika kwanza? Hapa ndipo sisi huwa tunawaomba wasikilizaji wasikimbilie kushangilia upande wowote.

Baadhi ya waliyoyaanzisha yalifanikiwa, na wengine wakayafuata. Mpango wa kulipa ushuru wa forodha pale mzigo unapoingia, kwa mfano bandarini Mombasa, badala ya kusimamishwa na kukaguliwa upya katika kila mpaka, ulipunguza sana siku za lori barabarani hadi Kampala na Kigali. Mpango huo ukawa wa jumuiya nzima, ukafika na bandari ya Dar es Salaam. Gharama za kupiga simu kati ya Kenya, Uganda na Rwanda zilishuka baada ya Oktoba 2014, nchi hizo zilipokubaliana kuweka kikomo cha bei. Mtalii naye anaweza kulipa dola 100 akapata visa moja ya siku 90 ya nchi hizo tatu.

Mengine yalikwenda kinyume na matarajio. Bomba la mafuta ghafi la Uganda lilizungumzwa kwa miaka kama litapita Kenya hadi Lamu. Mwaka 2016 Uganda iliamua lipite Tanzania. Leo bomba hilo linatoka Hoima kwenda Tanga, urefu wa kilomita 1,443, na zaidi ya kilomita 1,100 kati ya hizo ziko katika ardhi ya ile nchi iliyoitwa haiko tayari. Reli ya kisasa ya Kenya ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ikafika Naivasha 2019 na kuishia hapo kwa miaka, mbali na mpaka wa Uganda. Na Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wake wa Gatuna na Uganda, kila upande ukimtuhumu mwenzake kwa mambo ya usalama. Mpaka huo haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Wakulima na wachuuzi wa pande zote mbili, ambao mwaka 2014 waliambiwa kitambulisho kinatosha, walikaa karibu miaka mitatu bila njia halali ya kuvuka pale.

Tanzania inaogopa nini?

Tanzania mara nyingi huonekana kama ndiyo inayovuta kamba nyuma. Ni kweli imekuwa ya tahadhari, na wananchi wenyewe walisema hivyo. Mwaka 2004 kamati iliyoongozwa na Amos Wako, Mwanasheria Mkuu wa Kenya wakati ule, ilipendekeza ratiba ya kuharakisha shirikisho. Mwaka 2006 na 2007 wananchi wakaulizwa. Kenya na Uganda walio wengi waliunga mkono. Tanzania walio wengi walikataa kuharakisha, ingawa wengi wao hawakupinga wazo la shirikisho lenyewe.

Hofu iliyotajwa zaidi ilikuwa ardhi. Tanzania ina ardhi kubwa kuliko Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi kila moja, na Watanzania wengi waliona wenzao wenye mitaji na uhaba wa mashamba wangekuja kununua vijiji. Hofu ya pili ilikuwa ajira. Kuhusu ardhi, ni vyema msikilizaji ajue kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja haikuigusa: inasema matumizi ya ardhi yataongozwa na sera na sheria za kila nchi. Mtu akikuambia jumuiya imempa haki ya kununua shamba kijijini kwako, mwambie akuonyeshe ni kifungu gani.

Kuna pia kumbukumbu. Jumuiya ya kwanza iliundwa 1967 na kufa 1977. Idi Amin alikuwa amempindua Milton Obote mwaka 1971, na Mwalimu Nyerere hakukubali kukaa naye meza moja. Kenya na Tanzania zilivutana juu ya nani ananufaika zaidi, shirika la ndege la pamoja likavunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa tena 1983, na mali za jumuiya zikagawanywa kwa makubaliano ya 1984. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka jinsi biashara na undugu vilivyokatika kwa amri ya siku moja.

Lakini tukirudi nyuma zaidi tunakuta jambo ambalo vijana wengi hawajalisikia. Mwaka 1960 Nyerere alisema yuko radhi uhuru wa Tanganyika uchelewe kidogo kama kufanya hivyo kutaziwezesha Kenya, Uganda na Tanganyika kupata uhuru pamoja na kuwa shirikisho. Juni 1963 yeye, Jomo Kenyatta na Obote walitangaza Nairobi kwamba wangeunda shirikisho kabla mwaka haujaisha. Halikuundwa. Wakati huo aliyekuwa na haraka kuliko wote alikuwa Dar es Salaam. Kasi ya nchi basi haimo katika damu yake. Hubadilika kwa hesabu ya faida na hasara, na kwa nani anakalia kiti.

Zamu ya Kenya kutangulia peke yake

Mfano mzuri wa kasi tofauti iliyokubaliwa mezani ni mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya. Ulijadiliwa na jumuiya kwa pamoja. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilisaini, Tanzania ikakataa ikisema utaumiza viwanda vyake vichanga. Kila nchi ilikuwa na sababu yake. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi huhesabiwa miongoni mwa nchi maskini zaidi, hivyo bidhaa zao huingia Ulaya bila ushuru hata bila mkataba huo. Kenya haimo katika orodha hiyo. Kwa majuma kadhaa mwishoni mwa 2014 maua ya Kenya yalitozwa ushuru Ulaya, na mashamba ya Naivasha yakaonja joto ya jiwe.

Februari 2021 wakuu wa nchi walikubaliana kwamba anayetaka atangulie, na mlango ubaki wazi kwa wengine. Kenya ikasaini makubaliano yake na Umoja wa Ulaya Desemba 2023, yakaanza kutumika Julai 2024. Hakuna aliyesusia kikao wala kuhutubia bunge kwa uchungu. Linganisha na 2013: nchi iliyotangulia ilikuwa moja tu badala ya tatu, lakini uamuzi wa kuiruhusu ulitoka kwa wote.

Sarafu na shirikisho

Itifaki ya Umoja wa Fedha ilipanga sarafu moja ifikapo 2024. Tarehe hiyo ilipita, na sasa lengo ni 2031. Masharti ni magumu: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, na nchi iwe na akiba ya fedha za kigeni inayotosha kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu, mambo hayo yote yadumu miaka mitatu mfululizo. Na hapa pia kasi tofauti imeruhusiwa tangu mwanzo: nchi zisizopungua tatu zikitimiza masharti zinaweza kuanza, wengine wafuate.

Tunafikiri hili ndilo jambo litakaloleta mabishano makubwa kuliko vitambulisho. Nchi tatu zikianza na sarafu mpya, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Longido au wa mahindi wa Tarime atauza kwa shilingi ipi? Benki Kuu ya pamoja ikipanga riba, nchi iliyobaki nje itakuwa na sauti gani?

Kuhusu shirikisho, wakuu wa nchi walipunguza mwendo wenyewe. Mei 2017 waliamua kuanza na konfederesheni, yaani muungano mwepesi ambamo kila nchi inabaki na rais wake, jeshi lake na bunge lake, na inakabidhi mambo machache tu kwa chombo cha pamoja. Wataalamu wa katiba walipewa kazi ya kuandaa rasimu, na maoni ya wananchi yameshakusanywa Burundi, Uganda na Kenya.

Wakati huohuo familia imekua. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024. Wanachama sasa ni wanane, kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Kongo na Rwanda zinatuhumiana kwa vita vya mashariki mwa Kongo, na Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Kwa jumuiya ya namna hii, kusubiri wote wawe tayari kwa siku moja ni sawa na kusema hakuna litakalofanyika.

Mpakani hali ikoje leo?

Kwa mtu wa kijijini kuna jambo linalouma kuliko hiyo kasi tofauti, nalo ni nchi kurudi nyuma katika jambo lililokwisha kukubaliwa. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama, na baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti. Sumukuvu ni sumu ya kweli na inaua, lakini mkulima aliyeshauza mavuno kwa ahadi hakuwa na la kufanya. Julai 2025 Tanzania nayo ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo saluni, kutengeneza simu, kutoa huduma za pesa kwa simu, na kununua mazao shambani. Wakenya walilalamika kwamba soko la pamoja limevunjwa. Watanzania wengi, wachuuzi hasa, walifurahi. Wote wawili walikuwa wanazungumzia itifaki ileile ya 2009.

Kwa anayevuka na mzigo mdogo, kuna jambo moja ambalo halitegemei kasi ya nchi yoyote kati ya zile zinazotekeleza Umoja wa Forodha, na bado wengi hawalitumii. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya jumuiya, ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha uasili hapohapo mpakani na afisa wa forodha, na haitozwi ushuru wa forodha. Cheti hicho hakikuondolei kodi nyingine za ndani wala ukaguzi wa afya ya mimea na mifugo, kwa hiyo aliyebeba nafaka, maharage au mbuzi achukue kwanza kibali cha afya upande anakotoka. Anayepita njia ya panya kwa kuogopa ushuru ambao kisheria hadaiwi, huishia kumlipa mtu asiyetoa risiti.

Na kama wewe ni Mtanzania unayekwenda mnadani ng'ambo, beba hati ya kusafiria pamoja na kitambulisho cha NIDA, hata kama jirani yako Mganda amekuambia kwao kitambulisho kinatosha.